KISWAHILI KISIFUNGIWE MLANGO KATIKA SOMO LA KIINGEREZA



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya usafi wa kiwanja, juu ya kuchelewa asubuhi na juu ya feza ya masomo. Leo tunaomba nafasi ya kusema juu ya grameri. Msicheke. Kwetu sisi wa kalasi ya mwisho, tunaojitayarisha kwa Ekzameni ya Serikali, pointi chache za Kiingereza zinaweza kumtenga mwenye kufaulu na mwenye kurudilia kalasi. Na mzazi anayelipa tena mwaka mzima anajua uzito wa jambo hilo kuliko sisi.

Shauri letu ni hili: mwalimu anapoeleza grameri ya Kiingereza, Kiswahili kiruhusiwe kuingia kalasini kwa dakika chache na kufanya kazi. Tunajua kwamba neno hili halitawapendeza wote. Kwa hiyo tutaeleza pole pole, kwa mifano, ili kila mtu apime mwenyewe.

KIINGEREZA KIKO MLANGONI

Zamani mtu wa Likasi aliweza kusema kwamba Kiingereza ni lugha ya mbali. Leo hawezi. Kila siku malori ya shaba na kobalti yanapita katika barabara ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, yanakwenda Kasumbalesa, yanaingia Zambia, na kutoka huko yanaelekea bandari za Dar es Salaam na Durban. Dereva, mwenye duka, kijana anayejaza karatasi za duane, wote wanakutana na Kiingereza wapende wasipende.

Tena mwaka 2022 inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ukasema kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya watu wote kuelewana. Basi kule Arusha lugha hizi mbili ziliketi katika karatasi moja. Lakini katika masomo mengi ya kwetu, moja ikiingia kalasini, nyingine inatolewa nje, na mwanafunzi aliyeisema anapewa azabu. Juu ya nini?

SENTENSI MOJA YA KIKULA

Tuchukue sentensi ambayo mtoto yeyote wa Kikula, Panda au Shituru anaisema bila kufikiri:

Kinga ya rafiki ya baba yangu ingali inaweza beba mifuko mbili ya makala.

Kwa Kiingereza tunasema: "My father's friend's bicycle can still carry two sacks of charcoal."

Sentensi ni fupi, lakini ndani yake iko mitego mitatu inayojaza kaye zetu wino mwekundu: mwenye mali, kitenzi cha uwezo, na kielezi. Tuitazame mmoja mmoja.

1. Mwenye mali. Sisi tunaanza na kitu, kisha tunamtaja mwenye kitu: kinga, rafiki, baba. Kifaransa kinafuata njia hiyo hiyo. Kiingereza kinageuza safari yote: baba, rafiki, kinga. Ni kama treni inayorudi nyuma, behewa la mwisho linatangulia. Mwanafunzi aliyeonyeshwa jambo hili kwa Kiswahili chake anakuwa na njia rahisi: anaandika sentensi ya nyumbani, kisha anaisoma majina kutoka mwisho. Nyumba ya dada ya mwalimu: mwalimu, dada, nyumba. "The teacher's sister's house."

Tena angalieni. Kiswahili cha vitabu kinabadilisha neno la katikati: kitabu cha mwalimu, vitabu vya mwalimu, mtoto wa mwalimu. Lakini katika njia za Likasi tunasema "ya" tu: kitabu ya mwalimu, mtoto ya mwalimu. Watu wanacheka Kiswahili hicho. Kumbe ile alama ya Kiingereza, apostrofu pamoja na herufi s, inatenda kama "ya" yetu ya njiani: haijali kitu ni kimoja ao vingi, ni mtu ao mti. Tofauti ni kwamba inashikamana na mwenye mali, si na mali.

Kwa sababu inashikamana na mwenye mali, mahali pa apostrofu panasema wenye mali ni wangapi. "The pupil's bulletin" ni gazeti la mwanafunzi mmoja. "The pupils' bulletin" ni gazeti letu sisi wote. Mtu akihamisha kile kialama kidogo, ametunyanganya gazeti na kulitia mkononi mwa mmoja.

2. Kitenzi cha uwezo. Kiingereza kina vitenzi vichache vyenye tabia yao: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will", "would". Havikubali herufi s ya nafsi ya tatu. Kitenzi kinachovifuata hakikubali "to". Wakati wa kuuliza havitaki msaada wa "do". Lakini kila mwaka tunaona katika kaye za wadogo zetu "he can to write" na "he cans write". Ile "to" inatoka wapi? Inatoka katika Kiswahili cha vitabu: anaweza kuandika. Mwanafunzi ameichukua ile "ku" na kuivusha mpaka.

Lakini yule yule akiwa kiwanjani anasema "anaweza andika", bila "ku". Kiswahili chake cha kiwanjani kinafanana na "can write" kuliko kile cha kitabu! Angeambiwa hivyo siku ya kwanza, angekumbuka mpaka uzee.

Vitenzi hivi vina historia yao. "Can" zamani ilikuwa na maana ya kujua. Hata sisi tunasema "anajua kuimba" kwa mtu anayeweza kuimba. "Will" ilikuwa na maana ya kutaka, na mpaka leo jina "will" ni nia ya mtu. Sasa angalieni Kiswahili: ile "ta" ya "atakuja" inatokana na "taka", na inajionyesha wazi tunaposema "atakayekuja". Watu wa Uingereza na watu wa pwani ya Afrika hawakufanya mkutano, lakini wote walichukua neno la kutaka wakalifanya neno la kesho. Na juu ya nini "can" na "may" hazichukui herufi s? Kwa sababu katika Kiingereza cha kale umbo lao lilikuwa umbo la wakati uliopita, na wakati uliopita haukuwa na s hiyo. Kanuni yenye sababu inakaa kichwani kuliko kanuni ya kukariri kama kasuku.

3. Kielezi. Maneno kama "still", "always", "also", "already", "probably" yanapenda kukaa nyuma ya kitenzi cha uwezo na mbele ya kitenzi chenyewe: "can still carry", "will probably come", "must always wash". Kama kitenzi cha uwezo hakiko, kielezi kinatangulia kitenzi: "She always comes." Hapa Kifaransa kinatudanganya, maana kinasema "elle vient toujours", na mwanafunzi anaandika "she comes always". Kinatudanganya tena kwa "il parle bien anglais", ndipo tunasikia "he speaks well English". Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na kitu kinachotendewa: "He speaks English well."

Na Kiswahili? Kiko na funzo lake. "Amesha fika" ina vipande vinne: a, me, sha, fika. Kiingereza "he has already arrived" kina maneno manne kwa mpango ule ule, kipande kwa kipande. Mtoto aliyezaliwa Likasi amebeba mpango huo kinywani tangu miaka miwili.

KIFARANSA KINAFICHA, KISWAHILI KINAFUNUA

Sasa tunafika kwenye sababu yetu kubwa, na tunaomba walimu waipime vizuri.

Vitenzi vya uwezo vina maana zaidi ya moja, na mara nyingi ni kielezi kinachotuambia ni maana gani. Angalieni sentensi mbili hizi:

"The guard must always be at the gate."
"The guard must already be at the gate."

Zinatofautiana kwa neno moja tu, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza ni amri: mlinzi anapashwa kuwa kwenye mlango siku zote, akikosa atakatwa mshahara. Ya pili si amri. Ni mtu anayekisia: bila shaka mlinzi amesha fika kwenye mlango. "Always" imeivuta "must" upande wa kazi, "already" imeivuta upande wa kukisia.

Mwalimu akimwuliza mwanafunzi afasiri kwa Kifaransa, atajibu "le gardien doit toujours être" na "le gardien doit déjà être". Majibu ni sawa, mwalimu anatia alama nzuri. Lakini je, mwanafunzi ameelewa? Hakuna anayejua. Kifaransa kiko na "devoir" moja kwa mambo yote mawili, kama Kiingereza. Mwanafunzi amebadilisha neno kwa neno, akili yake imelala. Mwambieni aseme kwa Kiswahili. Hapo hawezi kujificha, maana lazima achague: "anapashwa kuwa" ao "bila shaka amesha fika". Akichagua vibaya, mwalimu anaona kosa papo hapo na kulitengeneza.

Ni vivyo hivyo na "may". "The pupils may now leave": wanafunzi wameruhusiwa kwenda sasa. "The pupils may perhaps leave tomorrow": labda wataondoka kesho. Kwa Kifaransa "peuvent" inafunika zote mbili. Kwa Kiswahili ruhusa iko upande wake, na labda iko upande wake.

Ndiyo maana tunasema kukataza Kiswahili katika saa ya Kiingereza si kulinda somo. Ni kuzima taa ambayo ingeonyesha nani ameelewa na nani anaimba tu.

MTEGO WA MWISHO

Tumalize mifano na jambo linalochanganya hata wakubwa. Alama ile ya apostrofu na s siyo siku zote ya mwenye mali. Pengine ni "is" ao "has" iliyofupishwa. Someni:

"The nurse's probably at the market."
"The nurse's child can probably come."

Katika ya kwanza, infirmière mwenyewe labda yuko sokoni. Katika ya pili, ni mtoto wake ambaye labda anaweza kuja. Namna ya kutambua ni kutazama kinachofuata. Kikifuata kielezi peke yake, kama "probably", "always" ao "already", mara nyingi ile s ni "is" ao "has". Likifuata jina la kitu ao la mtu, tafuta mwenye mali. Kisha tafuta kitenzi cha uwezo: kikiwa mbele katika sentensi, basi kitenzi kiko tayari, na ile s haiwezi kuwa "is" yake.

Jaribuni kufasiri sentensi hizo mbili kwa Kiswahili. Mtu aliyechanganya atasema "infirmière mtoto", na masikio yake mwenyewe yatamhukumu mbele ya mwalimu.

WANAOKATAA WANASEMA NINI

Tumesikia sababu za wale wanaokataa, na tunaziheshimu.

Wengine wanasema: Kiswahili kitaharibu Kifaransa, na Kifaransa ndicho lugha ya masomo. Ni kweli kwamba ni lugha ya masomo. Lakini Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, iliyoweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, iliruhusu tena lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha na kujifunza. Na Katiba ya mwaka 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha za taifa nne. Hatuombi kitu kilichokatazwa na Serikali. Tena hatuombi Kiswahili katika hesabu ao fizika. Tunaomba dakika kumi katika saa ya Kiingereza.

Wengine wanasema: si wote wanaosema Kiswahili nyumbani. Ni kweli. Kati yetu wako watoto wa Kiluba, wa Kisanga, wa Kibemba, wa Chiluba, wa Kisonge na wengine. Lakini sokoni, katika bisi na katika kiwanja cha mpira, wote wanakutana ndani ya Kiswahili. Na kama mmoja akisema "sisi kwa Kisanga tunasema hivi", aseme, tutajifunza zaidi. Wamisionari waliokuja Katanga wakisema Kiingereza walipita njia hii hii. Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Bunkeya kwa mfalme M'siri mwaka 1886. Nyuma yake alikuja Dan Crawford, aliyetafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga. Mtu hawezi kutafsiri kitabu kikubwa hivi bila kuketi na lugha mbili uso kwa uso na kuuliza: hii inaweka mwenye mali wapi, ile inaweka wapi? Walilazimika kukiweka Kiingereza chao kando ya lugha yetu. Juu ya nini sisi tukatazwe kuiweka lugha yetu kando ya Kiingereza?

Wengine, nao ni wenye akili, wanasema: Kiswahili ndicho kinacholeta makosa. Wenyewe mmeonyesha kwamba "can to write" inatoka katika "anaweza kuandika". Tunajibu: ndiyo, na hapo ndipo sababu yetu inapata nguvu. Kiswahili kimo kichwani mwa mwanafunzi hata kama mdomo umefungwa. Mtu akikatazwa kukitaja, hakiondoki, kinafanya kazi gizani. Tukikiita mbele ya tablo, tunaona mahali kinaposaidia na mahali kinapopotosha. Nyoka aliyeonekana hawezi kuuma kwa urahisi kama aliye chini ya majani.

TUNAOMBA NINI

Kwa walimu wetu wa Kiingereza na kwa Baba Prefe wa masomo, tunaomba kwa heshima mambo mawili. La kwanza: kila sheria mpya ya grameri ifuatwe na dakika kumi za kulinganisha kwa Kiswahili, kisha mlango ufungwe, na saa iendelee kwa Kiingereza. La pili: katika dakika hizo mwanafunzi asipewe azabu kwa ajili ya lugha aliyoitumia, bali aulizwe kama ameelewa.

Kwa wanafunzi wenzetu, msifikiri kwamba tumewaombea uvivu. Kila mmoja agawe ukurasa wa kaye yake katika mistari mitatu ya kusimama: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Kila siku aandike sentensi moja ya nyumbani yenye mwenye mali, kitenzi cha uwezo na kielezi, kisha aipige mstari mahali lugha zinapoachana. Sentensi zisitoke katika kitabu. Ziwe za makala, za maji, za mpira, za mama sokoni. Hii hapa ya kuanzia: Mtoto wa jirani wa mwalimu anapashwa siku zote kuteka maji asubuhi. Fasirini, mkumbuke treni inayorudi nyuma, na mkumbuke mahali pa "always".

Sisi wa kalasi ya mwisho tutakaa katika kalasi yetu kila siku ya Posho nyuma ya kazi za mikono, saa moja nzima, kwa ajili ya wadogo zetu wanaotaka kuleta sentensi zao. Hatuulizi feza. Tunaomba tu kila mmoja aje na biki yake na kaye yake.

Mwaka huu ukiisha sisi tutaondoka. Wengine watakwenda Lubumbashi kutafuta universite, wengine watatafuta kazi. Ninyi mtabaki katika mabanko haya, na ekzameni ile ile itawangojea. Hatutaki muifikie mkiwa mmekariri mambo ambayo hakuna aliyewauliza kama mmeyaelewa. Walimu wetu, tunangojea jibu lenu katika buletini ijayo, liwe ndiyo ao hapana. Likiwa hapana, tunaomba liwe na sababu.



Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho